Udongo Wetu ni Mali ya Taifa: Maneno kwa Wakulima wa Milimani

Ndugu Mkulima,

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha na kukatika, nakuomba ufanye jambo moja dogo. Shuka mpaka kwenye kijito kilicho karibu na shamba lako, chota maji kwa bilauri, kisha uiweke dirishani mpaka asubuhi. Kukipambazuka utaona maji yametulia juu na matope yamekaa chini. Matope hayo jana yalikuwa shamba, lako au la jirani yako. Mwaka huu yangelisha mahindi na maharage, na sasa yamo safarini kwenda mbali.

Nimeombwa niseme habari ya kuhifadhi udongo wa nchi nzima. Neno hilo “nchi nzima” huwafanya watu wengi wadhani kwamba ni kazi ya Serikali, au ya mabwana wakubwa wenye ramani na magari. Mimi ni Bwana Shamba wa milima ya Uluguru, na kazi yangu ni kupita mashambani kwa miguu. Ninalotaka kukueleza ni hili: udongo wa taifa hauna mahali pengine pa kuhifadhiwa ila katika mteremko kama huo ulio mbele ya nyumba yako. Tena hauhifadhiwi na mtu mmoja peke yake. Sababu zake nitazieleza moja moja.

Hasara tusiyoiona

Shamba halipotei kwa siku moja, kwa hiyo mwenyewe haoni. Basi tufanye hesabu.

Chukua ekari moja tu. Mvua za mwaka mmoja zikiondoa udongo wa juu wenye unene wa milimita moja, usiozidi punje ya ulezi, udongo huo uzani wake ni kama tani 5. Fikiri lori la tani 5 likija shambani kwako, watu wakashuka na majembe, wakapakia udongo wako wa juu na kuondoka nao. Ungepiga kelele mpaka kijiji kizima kitoke. Mvua hufanya kazi ile ile usiku umelala, nawe hunena neno.

Udongo wa juu ndio wenye mboji, ndio wenye wadudu na minyoo wanaoulainisha, ndio unaoshika maji ya mvua mmea uyanywe siku za jua. Ukiondoka, unaobaki ni udongo mgumu wa chini, mwekundu au mweupe, ambao hauna chakula cha mmea. Kutengeneza sentimita moja ya udongo mpya kutokana na mwamba huchukua mamia ya miaka. Kwa hiyo udongo uliopotea katika maisha yako hautarudi katika maisha ya wajukuu wako.

Sasa tazama unakokwenda. Mto Ruvu huanzia katika milima hii ya Uluguru, nao ndio unaowapa maji watu wa Dar es Salaam. Bwawa la Mindu, linalowapa maji watu wa mji wa Morogoro, nalo hupokea matope kutoka miteremko inayolizunguka. Upande mwingine wa nchi yetu, mito ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu huleta maji ya Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere lililoanza kutoa umeme mwaka wa 2024. Kila tani ya udongo inayoingia bwawani huchukua nafasi ya maji. Mkulima wa milimani akilima kwa kushuka mteremko, mama wa mjini hufungua bomba akaona maji ya rangi ya chai. Hapo ndipo shamba la mtu mmoja linapokuwa jambo la taifa.

Somo la mwaka wa 1955

Yafaa niseme wazi jambo ambalo wazee wa Uluguru hawajalisahau, kwa maana Bwana Shamba anayelificha hataaminiwa.

Tangu mwaka wa 1950 Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hii. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko, na asiyechimba alitozwa faini. Nia iliyosemwa ilikuwa njema, kwani mmomonyoko ulikuwapo kweli. Lakini kazi ilikuwa nzito mno, na katika mashamba mengi udongo wa juu ulikuwa mwembamba. Ngazi zilipochimbwa, udongo mzuri ulifukiwa na udongo mbaya wa chini ukatokea juu. Mkulima akavuna kidogo kuliko alivyovuna kabla ya kupata taabu hiyo. Mwezi wa Julai mwaka wa 1955, huko Matombo, watu walikusanyika kuupinga mpango huo. Ghasia zikatokea, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ukaachwa.

Lakini tazama jambo la pili. Huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hii hii, wakulima wa mboga hulima katika ngazi hata leo, wala hawalazimishwi na mtu. Kwa nini? Kwa sababu mboga hutaka maji na samadi, nayo ngazi hushika vyote viwili, na mkulima huona fedha yake sokoni. Mlima ni ule ule na kazi ya jembe ni ile ile. Kilichotofautiana ni faida iliyofika mkononi mwa aliyechimba.

Kwa hiyo, ndugu, mtu akija kwako na amri ya kuhifadhi udongo, pasipo kuutazama udongo wako ulivyo wala kukueleza utavuna nini, una haki ya kumwuliza maswali. Lakini usitumie makosa ya mwaka wa 1955 kuwa udhuru wa kuacha shamba lako liende mtoni.

Mifano ya waliofaulu

Wako watu wengi katika nchi zetu waliookoa udongo, nami nitawataja wachache.

Wa kwanza ni Wamatengo wa Mbinga, katika Mkoa wa Ruvuma. Wao hulima katika milima mikali kwa njia yao wenyewe iitwayo ngoro, nao walikuwa wakiitumia kabla Mabwana Shamba hawajafika kwao. Hufyeka majani, wakayapanga yakauke katika mistari inayokatana kama nyavu. Kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani yale, likabaki shimo katikati na matuta pande zote nne. Mvua ikinyesha maji huingia shimoni badala ya kukimbia, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Hupanda maharage juu ya matuta, na msimu unaofuata hupanda mahindi. Kazi ya kuhifadhi na kazi ya kulima ni kazi moja, ndiyo maana imedumu.

Wa pili ni Wakamba wa Machakos, nchini Kenya. Katika miaka ya 1930 wataalamu waliandika kwamba nchi ile imekwisha kwa mmomonyoko. Mwaka wa 1938 watu wake waliandamana mpaka Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao kwa jina la kuhifadhi ardhi. Baadaye wakulima wenyewe, wengi wao wakisaidiana katika vikundi vya kazi viitwavyo mwethya, walichimba matuta ya fanya juu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1994 ulionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka wa 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua. Wale waliodhani kwamba watu wengi lazima waharibu ardhi walijibiwa huko.

Wa tatu ni Wasukuma wa Shinyanga. Miti ilikuwa imefyekwa kwa miaka mingi, kwanza ili kufukuza mbung'o, halafu ili kupata mashamba ya pamba na kuni. Mwaka wa 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, ukaendelea mpaka mwaka wa 2004. Wataalamu walipouliza wazee, waliambiwa habari ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa wakati wa kiangazi. Mradi ukaishika desturi hiyo badala ya kuleta mpya, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudishiwa majani na miti.

Wa nne ni Kondoa. Huko makorongo yalikuwa makubwa hata nyumba ingeweza kuzama ndani yake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO, ulianza mwaka wa 1973, na mwaka wa 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Majani na miti ilirudi upesi kuliko watu walivyodhani. Lakini wenye mifugo walilipa gharama kubwa, kwani walipoteza maziwa, samadi na mali yao iliyo karibu. Baadaye ng'ombe waliruhusiwa kwa kufungwa zizini na kuletewa majani. Kondoa yatufundisha kwamba ardhi hupona ikipumzishwa, na kwamba ni rahisi zaidi kuizuia isiugue kuliko kuiponya.

Kosa langu mwenyewe

Sasa nitakueleza kosa nililolifanya mimi, ili wewe usilifanye.

Mama mmoja mwenye ekari mbili aliniita nimpimie makinga maji. Nilipima vizuri, naye na wanawe wakachimba mitaro mitatu ya fanya juu kwa muda wa wiki tatu. Nilifurahi, nikapiga na picha. Jambo moja sikuuliza: maji yanatoka wapi kabla ya kuingia shambani humu? Juu ya shamba lile palikuwa na njia ya miguu inayoshuka moja kwa moja, na mashamba mawili ya majirani yaliyolimwa kwa kushuka. Mvua kubwa ya mwezi wa Aprili ilipokuja, maji ya mashamba matatu yaliingia katika mtaro wa kwanza. Ukajaa, ukapasuka. Maji yakaangukia wa pili kwa nguvu, nao ukapasuka, kisha wa tatu. Nilipofika asubuhi palikuwa na korongo katikati ya mahindi.

Mama yule hakunifokea. Aliniambia tu, “Bwana Shamba, kabla hujaja maji yalikuwa yakipita kama kuku. Sasa yamepita kama ng'ombe.”

Sikuwa na jibu. Nilichokosa hakikuwa ujuzi wa kupima, maana mistari yangu ilikuwa sawa. Nilikuwa nimelitazama shamba moja, na maji yalikuwa ya mteremko mzima. Ilibidi nirudi nikaongee na mwenyekiti wa kitongoji, naye akawaita wenye mashamba ya juu. Mzee mmoja alikataa kwa sababu nzuri: mtaro wa kukinga maji ungekata sehemu ya shamba lake, na faida ingemfikia mwingine. Mazungumzo yalichukua misimu miwili. Mwisho tulikubaliana kwamba mtaro upite mpakani, wote tisa wauchimbe, na majani yatakayopandwa ukingoni yawe mali ya yule mzee kwa ng'ombe wake. Mtaro huo umesimama hata leo, na korongo la mama yule sasa ni safu ya migomba.

Tangu siku ile sipimi shamba kabla sijapanda mpaka kilele cha mteremko.

Namna ya kuanza kazi

Basi, ukikubaliana na jirani zako, fanyeni kazi kwa utaratibu huu.

1. Anzeni juu. Tembeeni pamoja mteremko wote wakati mvua inanyesha, mwone maji yanakotoka na yanakopita. Juu ya mashamba yote chimbeni mtaro mmoja wa kukinga maji, uwe na mwinamo mdogo sana, upeleke maji pole pole mpaka kwenye njia ya maji iliyopandwa majani. Usiyaelekeze maji shambani kwa mtu wala barabarani.

2. Tengeneza kipimo cha herufi A. Chukua miti miwili iliyonyoka yenye urefu wa meta 2, na mmoja wa meta 1. Funga ile mirefu pamoja kwenye ncha za juu, ipanue miguu, kisha funga ule mfupi katikati, ukingame. Kutoka juu ning'iniza uzi wenye jiwe, upite mbele ya mti uliokingama. Simamisha kipimo, weka alama ardhini penye miguu, na alama nyingine pale uzi unapogusa mti. Sasa kigeuze, mguu wa kushoto ukae mahali ulipokuwa wa kulia, uweke alama tena. Katikati ya alama hizo mbili za mtini ndipo penye usawa. Uzi ukitulia hapo, miguu yote miwili iko sawa.

3. Pima mistari. Anza upande mmoja wa shamba, pigilia kigingi penye kila mguu, ukienda hatua kwa hatua kwa usawa mpaka upande wa pili. Ili kupata mstari unaofuata, shuka ukiutazama ule wa juu, mpaka macho yako yawe sawa nao. Hapo pima mstari mwingine. Penye mteremko mkali mistari itakaribiana, na penye mteremko mdogo itaachana, nayo ndiyo kanuni yake.

4. Chimba fanya juu. Chimba mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, ukiutupa udongo upande wa juu, kama jina lenyewe linavyosema. Acha ukingo wa sentimita 20 hivi baina ya mtaro na tuta, ili udongo usirudi mtaroni. Kadiri miaka inavyopita udongo utajikusanya nyuma ya tuta, na ngazi itajitengeneza yenyewe pole pole, pasipo kufukia udongo mzuri kama ilivyokuwa mwaka wa 1955.

5. Panda majani juu ya tuta mvua ile ile. Tuta lisilo na majani halitamaliza mwaka. Mabingobingo, yaani majani ya tembo, yafaa kwa mwenye ng'ombe au mbuzi. Vetiva yafaa kwa asiye na mifugo, maana mizizi yake huenda chini sana na haitambai shambani.

6. Udongo ukiwa mwembamba, usichimbe fanya juu. Panda mistari ya majani tu katika vigingi vyako, na uyalaze mabua ya mahindi juu yake. Penye mteremko mkali mno usilime mahindi kabisa, bali uweke miti ya matunda, migomba au msitu wa kuni.

Usipoweza kufanya shamba zima, fanya mstari mmoja wa juu mwaka huu, na wa pili mwaka ujao. Mstari mmoja mzuri wafaa kuliko mitano iliyoachwa nusu.

Udongo hula pia

Kuuzuia udongo usiondoke ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuulisha.

Tufanye tena hesabu. Gunia moja la mahindi la kilo 100 hubeba ndani ya punje zake kama kilo moja na nusu ya naitrojeni iliyotoka udongoni. Ukiuza magunia 15, umeuza kilo 22 na nusu. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Maana yake, kila magunia 15 yanayopanda lori kwenda sokoni yanachukua chakula kinacholingana na mfuko mzima wa Urea. Mwenye kuuza kila mwaka bila kurudisha kitu anauza shamba lake kidogo kidogo, tena bila kulipwa bei ya shamba.

Kurudisha kwenyewe ni hivi. Usichome mabua wala majani, kwa kuwa naitrojeni yake huenda na moshi. Yalaze shambani yawe matandazo, au uyalishe mifugo na kurudisha samadi. Samadi usiiache juani wala mvuani. Irundike chini ya kivuli na kuifunika kwa majani, ndipo itabaki na nguvu. Badilisha mazao: baada ya mahindi panda maharage, kunde, fiwi, karanga au mbaazi, kwani mizizi ya jamii hii hukusanya naitrojeni kutoka hewani. Mbaazi zina faida ya pili, maana mizizi yake hupasua udongo mgumu wa chini.

Mbolea ya dukani haina ubaya ikitumiwa kwa kipimo na mahali pake. Serikali ilianza kutoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliojiandikisha katika msimu wa 2022/2023. Lakini mbolea iliyomwagwa katika mteremko usio na makinga maji huenda mtoni pamoja na udongo, na hapo fedha ya mkulima na fedha ya Serikali hupotea siku moja.

Tena yafaa ujue udongo wako una nini. Udongo wenye uchungu mwingi huishika fosforasi, mmea usiipate, hata ukimwaga mbolea mfuko juu ya mfuko. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, lakini kiasi chake hakijulikani kwa macho. Chukua udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka mahali 10 au 15 shambani, ukienda kwa kukatakata huku na huku. Changanya katika ndoo safi, anika kivulini, ufunge nusu kilo na kuandika jina lako na la shamba. Bwana Shamba wako ataupeleka mahali pa kupimwa, kama vile kituo cha utafiti cha TARI Mlingano, Tanga, au Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro.

Wajibu wa kijiji na wa Serikali

Sasa narudi kwenye neno “nchi nzima”. Mwaka wa 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja, wakakubaliana kwamba mbolea iongezwe mpaka kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Mwezi wa Mei mwaka wa 2024 walikutana tena Nairobi, na safari hii mkutano wenyewe uliitwa wa mbolea na afya ya udongo. Ni vema kwamba maneno hayo mawili sasa yanatajwa pamoja. Hata hivyo hakuna azimio linaloweza kushika jembe.

Kijiji kinaweza kufanya mambo ambayo Serikali kuu haiwezi. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kukubali sheria ndogo, zikapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa: kwamba njia za maji zisilimwe, kwamba majani ya matuta yasiliwe na mifugo ya mtu mwingine, kwamba moto usiwashwe ovyo. Sheria ambayo watu wameinyoshea mikono wenyewe huheshimiwa, na ile iliyoletwa kwa faini peke yake tumekwisha kuona mwisho wake.

Liko jambo jingine lisilosemwa sana. Watu wengi siku hizi hulima mashamba ya kukodi kwa msimu mmoja. Mtu huyo hawezi kupanda majani wala miti kwa faida ya mwenye shamba, wala usimlaumu. Wewe mwenye shamba, mkodishie kwa miaka mitatu au zaidi, na kodi ipungue akichimba makinga maji. Andikianeni mbele ya mashahidi. Na wewe uliye na shamba la urithi, uliza katika ofisi ya kijiji habari ya hati ya hakimiliki ya kimila, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka wa 1999. Mtu hupanda mti mahali anapojua kwamba mtoto wake atakaa kivulini.

Upande wa Serikali nao una wajibu. Wanaokunywa maji mjini na wanaowasha taa wanafaidi kazi ya mkulima wa mlimani, kwa hiyo si haki gharama yote iwe mgongoni mwake. Miche, vipimo, chokaa na Bwana Shamba wa kutosha ni sehemu yao. Ombeni mambo hayo katika mikutano yenu, yaandikwe katika mipango ya kijiji na ya wilaya. Anayekwenda kuomba akiwa amekwisha kuchimba mtaro wa kwanza husikilizwa zaidi.

Ndugu Mkulima, mwisho wa maneno yangu ni kazi ya juma hili. Kabla ya mvua, nenda kwa jirani mwenye shamba lililo juu yako, na kwa yule aliye chini yako. Usiende kulalamika, nenda kuuliza: maji yako yanapita wapi? Mpandishe pamoja nawe mpaka juu ya mteremko. Mkishakubaliana, nitumieni habari kwa mwenyekiti wenu, nami nitakuja na kipimo.

Na ile bilauri ya matope usiitupe. Iweke mahali watoto watakapoiona. Mwaka ujao, baada ya mvua kubwa ya kwanza, chota nyingine kutoka kijito kile kile, uziweke pamoja. Ikiwa ya pili ina matope machache kuliko ya kwanza, jua kwamba kazi yenu imeshika, na kwamba watu wa mbali msiowajua, wanaofungua bomba asubuhi, wamepata faida yake pamoja nanyi.

Nawatakia masika mema.